Je, Mzazi Anunue Programu ya Kusaka Kipakatalishi Kilichoibwa?

Vyuo vikuu na vyuo anuwai vinapofungua milango kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wazazi wengi katika kaunti huwa na orodha ndefu mkononi: karo, godoro, kodi ya chumba na, siku hizi, kipakatalishi. Hicho cha mwisho ndicho humaliza akiba ya chama. Na kabla hata hakijatolewa kwenye sanduku, muuzaji huwa na swali jingine: je, mzazi angependa kuongeza pesa kidogo awekewe programu ya kukisaka kikiibwa?

Swali hilo si la kupuuzwa. Kipakatalishi huibwa mlango wa hosteli ukiachwa wazi mtu akienda kuoga, maktabani mwenyewe akitoka kupokea simu, au begi likiwekwa nyuma ya matatu pamoja na mizigo ya watu wengine. Ila kabla pesa hazijatoka kwenye M-Pesa, inafaa mzazi na mwanafunzi waelewe programu hizi hufanya kazi vipi, na hushindwa wapi.

Mashine hujuaje mahali ilipo?

Watu wengi hudhani kipakatalishi huzungumza na setilaiti kama simu. Vipakatalishi vingi havina kifaa cha GPS. Badala yake, mashine husikiliza mitambo ya waifai iliyo karibu, kisha orodha ya mitambo hiyo hulinganishwa na kumbukumbu kubwa zinazowekwa na kampuni kama Google, Apple na Microsoft. Mjini, ambako karibu kila jengo lina waifai, jibu linaweza kuangukia jengo lenyewe au la jirani. Kijijini, ambako mtambo wa karibu uko mbali, kinachobaki ni anwani ya intaneti tu. Anwani hiyo inaweza kuonyesha Nairobi ilhali mashine iko Bungoma.

Halafu kuna sharti ambalo muuzaji huwa halitaji sana: kipakatalishi lazima kiwe kimewashwa na kiwe kwenye intaneti. Simu ina laini yake na bando lake popote iendapo. Kipakatalishi kingi hakina laini. Hukaa kimya hadi mtu akiunganishe na waifai. Mwizi anayekifungia kabatini wiki mbili haonekani na mtu yeyote. Vipakatalishi vya MacBook vina nafuu kidogo hapa, kwa kuwa vinaweza kutambuliwa na vifaa vingine vya Apple vinavyopita karibu hata bila intaneti.

Kizuizi kikubwa zaidi, hata hivyo, ni fundi. Mashine iliyoibwa mara nyingi hupelekwa ifutwe na kuwekewa Windows mpya kwa flashi, kazi isiyochukua hata asubuhi moja. Programu ya kawaida ya kusaka hukaa kwenye diski pamoja na faili nyingine, hivyo diski ikifutwa nayo imekwenda, hata kama ada ya mwaka mzima ilikwisha kulipwa.

Ipo programu ya aina nyingine. Kampuni ya Absolute, iliyoanzishwa Vancouver, Canada, na ambayo bidhaa yake iliwahi kuuzwa kwa jina la LoJack for Laptops, ilikubaliana na watengenezaji kama Dell, HP na Lenovo kuweka kipande kidogo cha programu katika ubao wenyewe wa mashine tangu kiwandani. Kikiwa kimewashwa, hujirudisha hata baada ya diski kufutwa au kubadilishwa. Lakini kipande hicho hakifanyi kitu mpaka huduma ilipiwe na kuwashwa, na wateja wake wakubwa ni mashirika na shule zenye mashine nyingi. Mzazi anayeuziwa programu ana haki ya kumuuliza muuzaji swali moja la wazi: diski ikifutwa, programu hii inabaki? Muuzaji akianza kuzungukazunguka, jibu ni hapana.

Kilichomo tayari bila malipo

Windows 10 na Windows 11 zina huduma ya kutafuta mashine. Katika Windows 11 iko kwenye mipangilio, upande wa faragha, sehemu iliyoandikwa Find my device. Ili ifanye kazi, mwenye mashine awe ameingia kwa akaunti yake binafsi ya Microsoft na awe amewasha huduma ya mahali. Akaunti aliyopewa na chuo haitoshi, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanaweza kujidanganya kwamba wamejikinga. Ikiwa imewashwa, mwenye mali anaweza kuingia kwenye akaunti kwa simu, kuona mahali mashine ilipoonekana mara ya mwisho na kuifunga akiwa mbali.

Upande wa Apple ulinzi ni mkali zaidi. MacBook za miaka ya karibuni zikiwashiwa huduma ya Find My, hazikubali kuanza upya baada ya kufutwa mpaka nywila ya mwenyewe iingizwe. Mwizi anaweza kuiuza kwa vipuri, lakini hawezi kuiuza kama mashine nzima. Aliye na MacBook ana sababu ndogo sana ya kulipia programu nyingine.

Mashine za mtumba

Wanafunzi wengi hawanunui mashine mpya. Hununua zilizotumika ofisini Ulaya au Marekani zikaletwa kwa bei nafuu. Hapa suala la programu za kusaka hugeuka upande wa pili: mashine inaweza kuwa bado imefungwa na kampuni ya kwanza. Mnunuzi hukaa nayo vizuri, kisha siku moja akiiunganisha na intaneti baada ya kuifuta, jina la shirika asilolijua linatokea kwenye skrini na kudai nywila. Mashine iwashwe dukani, iunganishwe na intaneti palepale, na risiti iandikwe nambari ya mashine iliyo chini yake. Bei ikiwa ya chini mno na muuzaji hataki kuandika risiti, ni heri kuondoka. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu kinasema anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Anayesaka pia huona

Mwaka 2010 wilaya ya shule ya Lower Merion, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ilishtakiwa na familia ya mwanafunzi mmoja. Wilaya ilikuwa imewapa wanafunzi wapatao 2,300 vipakatalishi vyenye programu ya kufuatilia wizi. Programu hiyo ikiwashwa ilipiga picha kupitia kamera ya mashine kila baada ya dakika chache, na picha zaidi ya 50,000 zilikusanywa, nyingine zikiwa za wanafunzi wakiwa nyumbani kwao. Kesi ilimalizwa Oktoba mwaka huohuo kwa makubaliano ya dola 610,000.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kujua ni data gani inakusanywa kumhusu na kwa nini. Mwanafunzi anayewekewa programu na muuzaji, au hata na mzazi wake, anafaa kuambiwa inaona nini. Busara ni akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, na nywila iandikwe kwenye karatasi, itiwe bahasha na ihifadhiwe nyumbani. Mtoto wa miaka 19 akigundua kwamba mama hutazama kila jioni alipo, ataizima huduma hiyo, na siku ya wizi haitakuwepo.

Hesabu ya mzazi

Chukua mfano wa mama muuza mboga aliyenunua kipakatalishi cha mtumba kwa Sh35,000. Anaambiwa programu ni Sh3,000 kwa mwaka. Kwa kozi ya miaka minne hiyo ni Sh12,000, zaidi ya theluthi moja ya bei ya mashine yenyewe, na kila mwaka thamani ya mashine inashuka huku ada ikibaki palepale. Kufikia mwaka wa nne, atakuwa analinda kitu cha labda Sh12,000 kwa pesa ambazo zingemkaribisha kununua kingine. Kwake, programu ya kulipia haifai.

Hesabu hubadilika kwa mwanafunzi wa usanifu majengo au utayarishaji wa filamu mwenye mashine ya Sh180,000. Huyo anafaa kulinganisha ada ya programu na bima ya vifaa, na asome masharti vizuri kabla ya kutia sahihi, maana bima nyingi hazilipi kitu kilichoachwa ndani ya gari au kilichochukuliwa bila dalili ya mlango kuvunjwa.

Kwa wote wawili, hasara inayouma zaidi mara nyingi si mashine. Ni mradi wa mwaka wa mwisho uliokuwa ndani yake, miezi ya kazi ambayo hakuna duka linaloiuza. Google hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo na OneDrive GB 5. Kazi za maandishi za kozi nzima zinatosha humo. Asiye na bando anunue flashi na aiweke mbali na begi la kipakatalishi. Diski nayo isimbwe, ili mwizi asisome barua pepe na picha za kitambulisho. Mashine nyingi mpya za Windows 11 hufanya hivyo zenyewe, mradi ufunguo wa kuifungulia uhifadhiwe kwenye akaunti.

Siku ya wizi

Ramani ikionyesha mashine iko kwenye nyumba fulani, mwanafunzi asiende kugonga mlango na marafiki. Alama kwenye ramani inaweza kukosea kwa nyumba kadhaa, na mtu asiye na hatia akaitiwa mwizi mbele ya umati. Kupekua nyumba ni kazi ya polisi, kwa kawaida kwa kibali cha mahakama.

Kinachotakiwa ni kufunga mashine kwa mbali, kubadilisha nywila za barua pepe na M-Pesa, kisha kufika kituo cha polisi kilicho karibu na nambari ya mashine, risiti na picha ya skrini inayoonyesha mahali na saa. Mlalamishi asiondoke bila nambari ya OB, na baadaye achukue abstrakti. Kampuni ya bima itaiomba, na mhadhiri anayeombwa muda zaidi wa kuwasilisha mradi huenda akaiomba pia.