SOMO LA KUMI NA MOJA: Mtenda na Kitumizi katika Kauli za Kitenzi «Zima»

Katika somo lililotangulia tuliona jinsi viambishi tamati vinavyobadili maana ya kitenzi. Katika somo hili tutachunguza namna mabadiliko hayo yanavyoamua ni nani anayetajwa kuwa ametenda jambo, na ni nani anayeachwa nje ya sentensi. Tutatumia kifungu kinachohusu ndege zinazopambana na moto wa misitu kusini mwa Ulaya.

A. Kifungu cha ufahamu

Katika nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania, kama vile Ugiriki, Italia na Ufaransa, miezi ya Juni hadi Septemba huwa ya joto na ukavu mwingi. Misonobari hukauka, upepo huvuma, na cheche moja yaweza kuteketeza mlima mzima. Ndipo zionekanapo angani ndege za rangi ya manjano ziitwazo Canadair. Aina ya kwanza, CL-215, iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Aina iliyoifuata, CL-415, iliruka mwaka 1993. Ndege ya CL-415 haihitaji kutua uwanjani ili ijazwe maji. Hushuka ziwani au baharini, ikateleza juu ya maji bila kusimama, na kwa muda wa sekunde 12 hivi huchota zaidi ya lita 6,000 kupitia matundu yaliyo chini ya tumbo lake. Kisha hupaa na kwenda kuyamwaga motoni.

Ndege nyingine hubeba dawa nyekundu iliyotengenezwa kwa chumvi za fosfati. Dawa hiyo humwagwa mbele ya moto, juu ya miti ambayo haijaungua, ili ikawie kushika moto. Wekundu wake humwonyesha rubani mahali palipokwisha kumwagwa.

Hata hivyo, ndege peke yake haimalizi kazi. Maji hupoza ndimi za moto kwa muda, lakini makaa yaliyo chini ya majani na ndani ya visiki hubaki yakifuka. Upepo ukiwa mkali, maji hutawanyika kabla ya kufika chini. Kwa hiyo wazimamoto huingia msituni kwa miguu, wakiwa na mipira ya maji, majembe na mashoka, wakafukua na kuzima kaa moja baada ya jingine. Kazi ya marubani nayo ni ya hatari, kwa maana huruka chini sana, kati ya milima na moshi. Tarehe 25 Julai 2023 ndege ya CL-215 ya Jeshi la Anga la Ugiriki ilianguka karibu na mji wa Karystos, katika kisiwa cha Evia, muda mfupi baada ya kumwaga maji. Marubani wake wawili walikufa.

B. Uchambuzi

1. Kauli ya kutendwa. Tulinganishe sentensi hizi:
(i) Moto ulizimwa na ndege.
(ii) Moto ulizimwa na wazimamoto kwa msaada wa ndege.
Zote mbili ni sahihi kisarufi. Katika kauli ya kutendwa, «na» humtambulisha mtenda, na «kwa» hutambulisha kitumizi au njia. Sentensi (i) yaipa ndege kazi yote. Wale waliofukua makaa hawamo. Sentensi (ii) yaafikiana na kifungu chetu.

2. Kauli ya kutendeka. Kiambishi -ik- huonyesha hali iliyofikiwa, au uwezekano wa jambo kutendeka, pasipo kumtaja mtenda:
(iii) Moto umezimika.
(iv) Moto huu hauzimiki kwa maji ya ndege peke yake.
Hatusemi *Moto umezimika na wazimamoto, kwa kuwa kauli hii haipokei mtenda aliyetanguliwa na «na». Mwandishi asiyejua ni nani aliyezima, au moto uliojifia wenyewe, atumie kauli hii. Lakini akimjua mtenda na kumficha kwa makusudi, amemnyima haki yake.

3. Kauli ya kutendesha. Kazi halisi ya ndege huelezwa vizuri zaidi kwa vitenzi hivi: poa – poza, punguka – punguza, chelewa – chelewesha. Ndege hupoza miali, hupunguza kasi ya moto na huchelewesha kuenea kwake. Hufanya moto uwe katika hali ambayo mtu aweza kuukaribia na kuuzima.

4. Kauli ya kutendea. Kauli hii huweza kuonyesha chombo cha kutendea jambo: kisu cha kukatia nyama, mpira wa kumwagilia bustani. Kwa kanuni hiyo twaweza kusema ndege ya kuzimia moto, yaani ambayo mtu huitumia kuzima. Mwanafunzi asichanganye umbo hili na kitenzi zimia chenye maana ya kuzirai.

5. Anguka na angushwa. Kifungu chasema ndege «ilianguka». Laiti kingesema «iliangushwa», kingekuwa kimedai kwamba kuna mtu au kitu kilichosababisha ianguke. Hilo ni dai linalohitaji ushahidi. Silabi moja yaweza kumtia mtu hatiani.

C. Zingatia

Neno ndege likiwa na maana ya chombo huchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI: ndege imepaa, ndege zimepaa. Likiwa na maana ya kiumbe huchukua upatanisho wa A-WA: ndege amepaa, ndege wamepaa. Wanafunzi ambao lugha zao za kwanza haziwatengi viumbe hivi hukosea hapa mara nyingi. Katika Kiganda, kwa mfano, ennyonyi hutaja kiumbe na chombo pia, kwa upatanisho mmoja. Katika Kinyarwanda, inyoni na indege ni maneno mawili, lakini yote yamo katika ngeli moja. Mwalimu asisahihishe kosa tu, bali aonyeshe linakotoka.

D. Zoezi

1. Sahihisha: *Moshi ulipotanda, ndege wote wawili za Jeshi la Anga walirudi uwanjani.
2. Andika upya sentensi hii ukitofautisha mtenda na kitumizi: «Msitu uliokolewa na dawa nyekundu.»
3. Eleza tofauti ya maana: (a) Makaa yalizimwa. (b) Makaa yalizimika. (c) Makaa hayakuzimika.
4. Chagua habari yoyote ya gazetini kuhusu moto au ajali. Orodhesha vitenzi vilivyo katika kauli za kutendwa na kutendeka. Kwa kila kimoja, jiulize: mtenda ni nani, na kwa nini ametajwa au hakutajwa?

Swali hili la nne lijadiliwe darasani. Mwalimu anayemfundisha mtoto kuchagua kati ya «zimwa» na «zimika» amemfundisha pia kutompa mtu sifa isiyo yake, wala kumwondolea iliyo yake.