Kumkumbuka Mke Aliyeishi na Maradhi kwa Furaha

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Ama baada ya hayo.

Jua, ewe msomaji, ya kuwa tangu Mlandizi ya Kibaha hata Maneromango ya Kisarawe ziko nyumba nyingi zenye mke mgonjwa wa miaka: huyu ana selimundu aliyozaliwa nayo, na huyu kisukari, na huyu pumu au matende. Na katika hao wamo ambao mume akirudi kutoka kwenye mikorosho husikia kicheko chake kabla ya kubisha hodi. Mke wa namna hii akifa, watu wa msikitini humpa mume taazia kwa neno moja, kwamba marehemu amepumzika. Neno hilo si baya, walakini halitoshi, maana lamtaja marehemu kwa ugonjwa wake na kuuacha uhai wake. Na mume hubaki akijua peke yake kwamba nyumba ile haikuwa nyumba ya huzuni.

Mwenye kudhani kwamba kuuguza mke ni kazi ya kike naatazame habari ya Sayyidna Uthman. Mwaka wa pili wa Hijra, nao ni 624 wa Miladi, Waislamu walipotoka kwenda Badri, mkewe Bibi Rukaya, binti wa Mtume (S.A.W.), alikuwa mgonjwa. Mtume akamwamrisha Uthman abaki naye, kisha akamhesabia thawabu ya aliyehudhuria vita na fungu lake la ngawira, kama alivyopokea Bukhari. Bibi Rukaya akafariki katika ugonjwa ule. Mume hakushika upanga siku ile, na jina lake limo katika watu wa Badri.

Wala asidhani mtu kwamba mgonjwa mwenye kucheka haijui hali yake. Ibn Abbas alimwonyesha Ataa bin Abi Rabah mwanamke mweusi, akamwambia kuwa huyo ni wa Peponi. Mwanamke yule alikuwa na kifafa, akamwendea Mtume amwombee. Akahiyarishwa baina ya kusubiri apate Pepo, au kuombewa apone. Akachagua subira, ila akaomba dua asifunuke nguo aangukapo. Alijua anachokichukua, na maradhi hayakumwondolea staha yake.

Hapa pana mas'ala ambayo wanaume huyapenda kupita kiasi. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, imetajwa kuwa chakula cha mke mgonjwa ni lazima juu ya mume, lakini thamani ya dawa na ujira wa tabibu si lazima. Wako wanaolikamata hilo la pili na kulisahau la kwanza. Sheikh Wahba Zuhaili wa Sham, aliyefariki mwaka 2015, alieleza ya kuwa zamani watu hawakuhitaji matibabu kama wanavyoyahitaji leo, na kwamba leo ni haja ya lazima kama chakula, basi yampasa mume. Na hili ndilo lenye kuelekea. Mwenye mke wa kisukari, ambaye hawezi kukaa ila kwa dawa, atatofautishaje dawa hiyo na sahani ya wali?

Akifa, mumewe ana ruhusa kumwosha kwa madhehebu ya Shafi, kama Sayyidna Ali alivyomwosha Bibi Fatuma; na sanda yake ni juu ya mume, ijapokuwa mke ana mali. Na kama maradhi yake hayakutarajiwa kupona, akawa hawezi kufunga Ramadhani, yatazamwe madeni ya fidia: kila siku kibaba kimoja cha chakula cha mji, na ikiwa hakikutolewa kitoke katika mali yake kabla ya kurithiwa. Habari ya arobaini si mahali pake hapa.

Ama kumkumbuka, kielelezo ni Mtume kwa Bibi Khadija. Alioa baada yake, na hakuacha kumtaja, hata Bibi Aisha akamwonea wivu naye hakuwahi kuwa mke mwenzake. Alikuwa akichinja mbuzi akawapelekea nyama mashoga wa Khadija. Basi mjane wa Kisarawe akipeleka kapu la muhogo kwa wanawake waliokuwa wakija kumsuka mkewe kitandani, amefanya jambo lenye asili.

Na pwani hii anajulikana Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, naye amekwisha kuugua mwaka mzima. Wanaume huwasomea wake zao utendi ule kwa ajili ya taa. Aghalabu hupita haraka pale mgonjwa anapomkumbuka mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyefariki mwaka 1856, na jinsi alivyomkaririria radhi zake alipofikwa na mauti. Radhi ile ilitamkwa na mume, tena kwa ulimi wake.

Limebaki jambo la kanga. Mume hupenda kuziweka kanga za marehemu zenye harufu yake, asiulizwe na mtu. Lakini kanga ni mirathi: fungu lake ni nusu akiwa marehemu hakuacha mtoto, na robo akiwa ameacha, na zilizobaki ni za wengine. Naawaombe. Baada ya Badri, Bibi Zainabu alipeleka kidani alichopewa na mamaye Khadija ili kumkomboa mumewe Abul-Asi. Mtume alipokiona aliingiwa na huruma kubwa. Na juu ya hayo hakukirudisha kwa amri yake, bali aliwauliza masahaba kama wataona vema kumwachia mateka na kumrudishia mwanamke kilicho chake. Wakasema naam, na kidani kikarudi Makka.