Somo la Saba: Hali ya Kuamuru na Hali Tegemezi katika Lugha ya Spika

Malengo. Mwishoni mwa somo hili, mwalimu mwanafunzi aweze: (a) kuunda vitenzi katika hali ya kuamuru na hali tegemezi, (b) kueleza ni lini hali moja hufaa kuliko nyingine, (c) kutambua na kusahihisha makosa ya wanafunzi.

7.1 Utangulizi

Hapa Koboko, watoto wengi husikia Kiswahili kabla ya kukisoma. Hukisikia sokoni, vinywani mwa wafanyabiashara wanaovuka mpaka kutoka Kongo. Hukisikia pia kwa wazee wanaokikumbuka kuwa lugha ya jeshi na polisi. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, kwa watu wengi kimebaki kuwa lugha ya "Kaa chini!" na "Nyamaza!" Mwanafunzi aliyekulia katika kumbukumbu hiyo hudhani kwamba Kiswahili hakina njia ya kumtuliza mtu ila kumkemea. Sarufi yenyewe inakanusha dhana hiyo, nasi tutaithibitisha kwa kuchunguza usemi wa mtu ambaye kazi yake ni kuwatuliza wakubwa wenzake: Spika.

7.2 Muktadha

Nchini Uganda, kila baraza la wilaya lina Spika anayechaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo miezi inayotangulia huwa ya mabishano: kila diwani ana barabara, kisima au zahanati ya kutetea. Katika Bunge la Tanzania, ambako mijadala huendeshwa kwa Kiswahili, mkutano wa bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi Juni. Huko mbunge asiyeridhika na maelezo huweza "kushika shilingi" ya mshahara wa Waziri mpaka ajibiwe. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi ili kupitia vifungu, Spika huitwa Mwenyekiti. Ukumbi unapochemka, silaha yake ya kwanza ni kitenzi.

7.3 Maumbo

*Hali ya kuamuru* haina kiambishi cha nafsi mwanzoni. Wingi huonyeshwa kwa *-ni*: soma / someni. Keti / ketini. Jibu / jibuni. Vitenzi vitatu vina umbo la pekee: njoo / njooni, nenda / nendeni, lete / leteni. Kiambishi cha mtendwa kikiingia, *-a* ya mwisho huwa *-e*: msikilize / msikilizeni.

*Hali tegemezi* huanza na kiambishi cha nafsi au cha ngeli, na *-a* ya mwisho hugeuka kuwa *-e*: asome, tusome, kisomwe. Vitenzi visivyoishia kwa *-a* havibadiliki mwishoni: aketi, arudi, ajibu, asamehe. Ukanushi huundwa kwa *-si-*: asisome, tusirudi. Umbo hilohilo ndilo linalokanusha amri: kinyume cha "Soma!" ni "Usisome!"

7.4 Kifungu cha mfano

Mazungumzo yafuatayo tumeyatunga kwa ajili ya zoezi la darasani.

*Mjumbe wa Kwanza:* Mheshimiwa Spika, naomba kifungu hiki kipunguzwe, na fedha zihamishiwe kwenye visima.

*Mjumbe wa Pili (bila kupewa nafasi):* Keti! Hujui unachosema!

*Spika:* Utaratibu, waheshimiwa. Mjumbe aliyekatiza asimame, afute kauli yake, kisha aketi.

*Mjumbe wa Pili:* Mheshimiwa Spika, naifuta.

*Spika:* Ahsante. Mjumbe wa Kwanza aendelee, na sisi tumsikilize. Tusipige kelele, tujenge hoja.

7.5 Uchambuzi

Kwanza, "Keti!" ni umbo sahihi kisarufi. Kosa lake ni la matumizi: mjumbe hana mamlaka ya kumketisha mjumbe mwenzake. Mwalimu atenganishe mambo haya mawili anaposahihisha, asije akamwambia mwanafunzi kwamba neno ni bovu ilhali kilichokosewa ni mahali pa kulisema.

Pili, Spika anamsema Mjumbe wa Pili katika nafsi ya tatu ingawa yuko mbele yake: *asimame, afute, aketi*. Desturi ya baraza ni kwamba maneno yote yapitie kwa kiti, wala wajumbe wasirushiane maneno ana kwa ana. Hali ya kuamuru huelekezwa kwa nafsi ya pili tu. Kwa hiyo hapa hali tegemezi inahitajika kwa sababu ya muundo, mbali na adabu.

Tatu, hali tegemezi si unyonge. Spika akisema "Mheshimiwa atoke ukumbini", Mheshimiwa hutoka. Amri imebaki amri, lakini heshima ya anayeamriwa haikuguswa, naye anaweza kurudi kesho akajenga hoja.

Nne, katika *tumsikilize* na *tusipige* Spika anajihesabu miongoni mwa wanaopaswa kutii. Hayo ndiyo maneno ambayo mwalimu naye huyahitaji mbele ya darasa lenye kelele.

7.6 Makosa ya kawaida

Wanafunzi wetu, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kikakwa, Kilugbara na Kinubi, hujifunza upesi kugeuza *-a* kuwa *-e*, kisha huieneza kanuni kupita mpaka wake: \*arude, \*ajibe, \*akete. Sahihi ni arudi, ajibu, aketi. Wengine husema \*"Naomba wewe unyamaza" badala ya "Naomba unyamaze". Wengine hukanusha amri kwa \*"Hapana piga kelele", msemo uliozoeleka mitaani. Sahihi ni "Usipige kelele". Makosa haya yasikejeliwe. Linalofaa ni kuweka maumbo mawili ubaoni na kumwachia mwanafunzi atambue tofauti.

7.7 Zoezi

1. Geuza ziwe hali tegemezi, nafsi ya tatu umoja: Simama! Jibu swali! Lete taarifa! Samehe!
2. Kanusha: Ondokeni. Mwite Mwenyekiti. Fedha zirudishwe.
3. Katika vikundi, igizeni kikao cha bajeti ya shule. Fedha zilizopo zinatosha madawati au tangi la maji, si vyote viwili. Atakayekuwa Spika asitumie hali ya kuamuru hata mara moja. Baada ya igizo, jadilini: je, utaratibu ulidumu?
4. Orodhesha amri tano unazozitumia sana darasani. Ziandike upya katika hali tegemezi, kisha eleza ni ipi kati yake ingefaa kubaki ilivyokuwa, na kwa nini.

Swali la nne halina jibu moja. Mtoto anayekimbilia barabarani huambiwa "Simama!", wala hasubiriwi aombwe. Mwalimu anayezimudu hali zote mbili ndiye anayeweza kuchagua.