Bima ya Afya kwa Aliyekaribia Hamsini

SWALI: Mimi ni mwanamke wa miaka 49, nauza viazi na vitunguu soko la Kongowea, Mombasa. SHA nalipa. Mwezi uliopita wakala alinijia kibandani akanionyesha bima ya kibinafsi ambayo malipo yake ya mwaka yanakaribia karo ya mwanangu aliye shule ya bweni. Mume wangu asema ni fedha za kutupa, maana hatujawahi kulazwa. Tena kule zahanati nilipimwa presha nikaambiwa imepanda kidogo, na wakala akanishauri hilo nisiliandike. Nifanyeje?

JAWABU: Dada yangu, nitaanza na lile uliloliweka mwisho, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Wakala aliyekushauri ulinyamazie shinikizo la damu amekupa nasaha mbaya mno. Kwani mkataba wa bima, tofauti na biashara ya sokoni ambapo mnunuzi huitazama bidhaa mwenyewe akaridhika, umesimama juu ya uaminifu wa yule anayeomba dhamana, na kampuni ikija kugundua, siku umelazwa na majalada yako ya zamani yameombwa, kwamba ulilijua jambo ukalificha, yaweza kukataa kulipa na kuubatilisha mkataba wote, ukabaki kitandani na deni ulilodhani umekwisha kujikinga nalo. Fomu hiyo ijaze kwa mkono wako, wala usimwachie wakala akujazie huku wewe unapimia wateja viazi. Utakuta humo ukurasa wa maradhi yaliyopangwa mstari kwa mstari, kisukari, pumu, kifafa, moyo, shinikizo la damu, saratani, na mbele ya kila moja visanduku viwili vya Ndiyo na Hapana, kisha chini pameachwa nafasi ndogo ya maelezo. Nafasi hiyo itumie: andika tarehe uliyopimwa, tarakimu ulizoambiwa, na alilosema tabibu.

Walakini kipimo kimoja kilichozidi hakitoshi kumhukumu mtu kuwa ni mgonjwa, hususan mtu aliyetoka kuinua magunia juani akaingia zahanati mbio mbio ili awahi kurudi kibandani. Rudi siku mbili mbalimbali, ukae kitini dakika tano bila ya kuzungumza, mgongo umeegemea na mkono umelala juu ya meza, ndipo upimwe. Ikiwa siku zote mbili tarakimu zafika 140 kwa 90 au zaidi, basi hilo ni shinikizo la kutibiwa, na dawa zake za kawaida ni vidonge vya kila siku ambavyo vingi si ghali. Wapo watu wa makamo wanaokwepa kupimwa makusudi, ili waweze kutia alama penye Hapana bila ya kusema uongo, na jambo hili hunisikitisha kupita kiasi. Kwa kuwa shinikizo aghalabu halina maumivu, nalo likiachwa huharibu figo, moyo na mishipa ya ubongo kimya kimya, hata siku likajidhihirisha kwa kiharusi, na hapo hapana bima iwezayo kuurudisha mkono uliopooza.

Sasa tuje kwenye fedha. Mchango wako wa SHA, mamlaka isimamiayo mfuko wa bima ya afya ya jamii, iliyoshika mahali pa NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024, ni faradhi ya sheria: mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na asiyeajiriwa hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Bima ya kibinafsi haikuondolei faradhi hiyo, wala nisingependa uiache hata kama ingewezekana, maana mfuko huo haumkatai mtu kwa umri wake wala kwa maradhi aliyokuja nayo, na hulipia hata kusafishwa damu kwa yule ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Upungufu wake ni kwamba hulipa kwa viwango vilivyowekwa, na ukilazwa hospitali ya binafsi, tofauti iliyobaki huwa juu yako. Tena hospitali hizo zimelalamika mara nyingi kuwa hulipwa kwa kuchelewa, na mgonjwa akajikuta anadaiwa nakidi mlangoni.

Mumeo asema fedha hizo ni za kutupa. Hoja yake ni ya kweli kwa nusu ya karatasi ya wakala, na si ya kweli kwa nusu ya pili. Nusu ya kwanza ni matibabu ya nje, yaani homa, malaria, kikohozi, kipimo cha mkojo: haya hutokea mwaka nenda mwaka rudi, na kampuni, ambayo huyajua kama uyajuavyo wewe, hukutoza takriban yale utakayoyatumia pamoja na gharama na faida yake yenyewe. Hapo mumeo ana haki, na afadhali fedha hizo uziweke akiba. Nusu ya pili ni kulazwa, jambo ambalo yamkini lisikufike kwa miaka kumi, lakini likifika, kwa upasuaji wa ghafla au siku za chumba cha wagonjwa mahututi, laweza kumeza mtaji wote wa kibanda na kiwanja juu yake. Nanyi mmeona ni familia ngapi hufungua kundi la mchango katika simu usiku mmoja, wakiomba senti kwa watu ambao nao wana wagonjwa wao. Kwa hiyo mwambie wakala akuandikie bei ya kulazwa peke yake. Ikiwa bei hiyo haigusi karo wala masurufu ya nyumba, naona yafaa kuinunua, tena mapema, kwa kuwa aghalabu kampuni hukaa mwaka mzima kabla ya kulipia maradhi yaliyokuwapo kabla ya mkataba, na mwaka huo hauanzi kuhesabiwa mpaka utie sahihi. Illa ikiwa malipo yake yatakulazimu kuruka vidonge vya shinikizo, au kuiacha SHA nyuma, usinunue.

Kabla ya kutia sahihi, soma kurasa za mwisho zaidi kuliko za kwanza. Jalada laweza kutaja, tuseme, shilingi milioni moja, na ndani mkawa na sharti kwamba maradhi ya kudumu hayapewi zaidi ya laki tatu. Itake orodha ya hospitali uone kama imo ile ambayo ungekimbilia usiku kutoka kwako. Itake kadhalika jedwali la malipo ya mwenye miaka 55, 60 na 65, kwa sababu bei hupanda na umri, na bima uliyoimudu mwaka huu ukaiacha baada ya miaka sita, wakati ndio kwanza unaihitaji, ni hasara tupu.

Uliza pia katika chama chenu au sacco ya wafanyabiashara, kwa kuwa bima ya kundi mara nyingi huwa nafuu, na masharti yake juu ya maradhi ya zamani huwa mepesi kuliko ya mtu mmoja mmoja. Na kama moyo wako unasita kwa sababu ya riba na gharari, ipo takafuli, yaani bima ifuatayo sharia ya Kiislamu, ambayo imekuwa ikifanya kazi Kenya tangu mwaka 2011. Nayo pia isome masharti yake kwa jicho lile lile.

Barua yako haikutaja umri wa mumeo. Kampuni nyingi hazimpokei mwanachama mpya akishapita 60 au 65, ingawa aliyeingia kabla ya hapo huenda akaruhusiwa kuendelea. Basi kama amekutangulia kwa miaka kumi au zaidi, anza na bima yake kwanza, na siku utakayorudi zahanati kupimwa, nenda naye akapimwe pia.