Somo la Diakonia: Dinari Mbili na Safari ya Kurudi



Somo la robo hii ni Luka 10:25-37, habari za Msamaria mwema. Tumelizoea tangu shule ya Jumapili, na kwa sababu hiyo tunalipita haraka. Wengi tunaishia pale majeraha yanapofungwa. Naomba kamati zisome taratibu mstari wa 34 na wa 35. Msamaria alimtibu yule mtu, kisha akamtafutia mahali pa kulala. Akamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akapatana naye juu ya matunzo, tena akaahidi kupita siku nyingine na kulipa kitakachozidi. Pana matibabu, pana malazi, pana mapatano na mtu wa tatu, na pana safari ya kurudi. Sisi katika miradi yetu mara nyingi tunatimiza moja au mawili, tunapiga picha, tunafunga hesabu.

Tuliangalie jambo hili kupitia kundi ambalo hapa Kagera halikosekani: wazee waliopigana vita vya mwaka 1978 na 1979. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliokwenda vitani hawakuwa wanajeshi wa kazi peke yao. Walikwenda pia polisi, askari magereza, vijana wa JKT, na mgambo wengi waliotoka vijijini. Mwanajeshi wa kudumu ana namba na faili, na aliyetimiza masharti ana pensheni. Mgambo wengi walirudi kwenye migomba yao. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 65. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawakumbuka waliozikwa Kaboya, na ni vema. Aliyerudi na mguu mbovu tunamkumbuka mvua inapobomoa ukuta wake.

Naandika haya nikiwa na deni. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, usharika mmoja ulituletea jina la mzee aliyekuwa mgambo. Nyumba yake ya matofali mabichi ilikuwa imepasuka pande mbili, na mguu wake una kidonda kilichokuwa kikifunga na kufunguka tangu vitani. Usharika rafiki wa Ulaya ulituma fedha. Tulijenga vyumba viwili, matofali ya kuchoma, msingi wa mawe, lenta kuzunguka nyumba nzima, bati juu. Fundi alifanya kazi nzuri, hilo nalisema hadi leo. Siku ya kukabidhi tuliimba, mzee akashika ufunguo, picha ikaenda kwa wafadhili.

Miezi michache baadaye nilipita pale kwa shughuli nyingine. Nilimkuta mzee amekaa kwenye jiko la zamani nje. Nyumba mpya ilikuwa na ngazi tatu mbele, na mguu haukuziweza. Choo kilikuwa nyuma ya migomba, mbali, naye usiku alikuwa akiogopa kuanguka, kwa hiyo alipunguza kunywa maji. Kidonda kilikuwa kibaya kuliko nilivyokikuta mwanzo. Katika vikao vyetu vyote tuliulizana juu ya saruji na misumari. Hakuna aliyemwuliza mzee anatembeaje au anakwendaje haja usiku. Mimi ndiye niliyekuwa mratibu, na sikuuliza.

Alifariki mwaka uliofuata. Mazishi hayajapoa, ndugu wa marehemu wakamwambia mjane kwamba kibanja ni cha ukoo. Hatukuwa tumeandikishana neno lolote na mtu yeyote. Mama yule sasa anaishi kwa binti yake kijiji kingine, na nyumba iliyojengwa kwa sadaka inapangishwa. Nililazimika kuwaandikia wafadhili barua hiyo. Walijibu kwa upole, jambo lililonisumbua zaidi kuliko kama wangekasirika.

Basi, ndugu wanakamati, kabla ya kuagiza bati moja, nendeni kwa ukoo. Kaeni na wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji, mwandike nani atakaa katika nyumba hiyo mmoja akitangulia, na jina la mama liwemo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke. Ukoo ukikataa kusaini, ni afadhali mjue mapema. Pengine fedha hizo zitafaa kurekebisha chumba kwa binti yake.

Kuhusu matibabu, msikimbilie kulipa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na serikali imekuwa na utaratibu wa msamaha kwa wazee wasiojiweza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeweka njia ya kuwagharimia wasio na uwezo. Lakini jina lisipokuwa kwenye orodha, mzee hapati kitu, na wengi hawana nguvu ya kufika kwa mtendaji wa kijiji mara tatu. Mwanakamati mwenye baiskeli anaweza kuifanya kazi hiyo. Fedha za usharika zibaki kwa yale yasiyolipiwa: dawa iliyokosekana dirishani, bandeji, nauli ya kwenda hospitali.

Kwa wafadhili wetu nina ombi moja. Baadhi yenu mmetuambia kwamba fedha zenu ni za vifaa, si za nauli. Tunaelewa sababu. Hata hivyo tunaomba kila nyumba iwe na fungu dogo la kuitembelea kwa miaka miwili, maana ngazi zile tatu hazikuonekana kwenye picha.

Maswali ya kujadili katika kamati: Ni mzee gani katika mtaa wenu aliyesaidiwa nyumba au matibabu, na hajatembelewa tangu siku ya kukabidhiwa? Anafikaje chooni usiku? Kibanja anachokalia kimeandikwa jina la nani, na mkewe anajua? Majibu ya swali la kwanza yaletwe ofisini kwa maandishi, hata kama ni jina moja tu.

Mratibu wa Miradi ya Dayosisi