SOMO LA BIOLOJIA: JENI ZA UKOO NA KANSERE YA MATITI



Tulipomaliza somo la urithi katika darasa la tano, mwanafunzi mmoja alibaki nyuma, akafuta ubao polepole mpaka wenzake wote wakatoka. Ndipo akaniuliza: "Mwalimu, mama mkubwa alikufa juu ya titi. Mama mdogo vilevile. Na mimi, ni hivyo tu?" Siku ile sikumpa jibu zuri. Ninajaribu tena hapa, maana hayuko peke yake mwenye swali hilo.

Mnakumbuka kwamba kila jeni tunayo mara mbili, moja ya mama na moja ya baba. Kuna jeni inayoitwa BRCA1, iko katika kromozomu ya 17. Mary-Claire King, mtaalamu wa Marekani, alionyesha mahali pake mwaka 1990 kwa kufuatilia jamaa zenye wagonjwa wengi. Jeni yenyewe ikapatikana 1994. Ya pili, BRCA2, iko katika kromozomu ya 13, ilipatikana 1995. Watu wakisikia "jeni ya kansere" wanafikiri ni kitu kibaya kilichopandwa mwilini. Hapana! Sisi sote tunazo, wanaume na wanawake. Kazi yake ni kutengeneza DNA inapokatika. Ni kama fundi wa baiskeli kijijini: siku hayupo, baiskeli haianguki mara moja, lakini uharibifu unaongezeka kidogo kidogo.

Mtu akirithi BRCA1 iliyoharibika, ile nzima ya mzazi mwingine inafanya kazi bado. Hatari inakuja pale chembe moja ya titi inapopoteza hata ile nzima. Kwa wanawake 100 wenye uharibifu huo, karibu 70 watapata kansere ya titi kabla ya kutimiza miaka 80. Ni wengi sana, lakini si wote. Na mtoto wa mwenye kuwa nayo anaipata ao haipati kama vile kurusha franka hewani: mara upande huu, mara upande ule.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wanalikosea. Ukoo tunauhesabu kwa baba, lakini ugonjwa wa titi tunautafuta kwa mama tu, na mara nyingine bibi anatukanwa kwamba alileta laana nyumbani. Baba anaweza kuibeba jeni hiyo maisha yake yote bila kuugua, akampa binti yake. Basi shangazi naye ahesabiwe.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya Wazungu. Katika Nigeria, wataalamu walipima wanawake 1,136 wenye kansere ya titi na kutangaza matokeo 2018: karibu 15 kwa 100 walikuwa wamerithi jeni iliyoharibika, zaidi BRCA1 na BRCA2. Katika Uganda, jirani yetu, zilionekana pia. Lakini angalieni upande wa pili wa hesabu: kwa 100, karibu 85 hawakuonekana kuwa na jeni ya namna hiyo.

Sasa swali gumu: mwenye kuirithi, akisha kuugua, anakufa upesi kuliko mwingine? Mimi mwenyewe nilifikiri ni hivyo. Katika Uingereza walifuata wanawake 2,733 waliougua wakiwa na miaka 40 ao chini yake. 338 walikuwa na BRCA iliyoharibika. Kisha miaka 10, waliokuwa hai ni karibu 73 kwa 100 kati ya wenye jeni hiyo, na 70 kati ya wengine. Ni kusema, hakuna tofauti ya kweli. Lakini wote walitibiwa.

Halafu soma hesabu za Afrika, zilizotangazwa 2020. Kisha miaka 3 tu, kati ya wanawake weupe wa Namibia 90 kwa 100 walikuwa hai. Nigeria, 36 kwa 100. Wengi walifika hospitali uvimbe umekwisha kukua, na wengine hawakumaliza dawa ao hawakuzianza. Jeni ya ukoo haiwezi kueleza tofauti kubwa namna hii. Inayoeleza ni siku mgonjwa aliyofika, na alichokikuta pale.

Kwetu hapa Shabunda mnaijua hesabu hiyo bila kitabu. Bukavu ni zaidi ya kilometa 300, barabara ni matope, na kiti cha ndege ndogo kinauza mbuzi wa nyumba nzima. Mashini ya kusoma jeni hatuna. Mikono na macho tunayo. Uvimbe mgumu usiouma (wengi wanangojea uume kwanza!), ngozi inayovutwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, damu katika chuchu: hayo yapelekwe kwa munganga juma lile lile, si kisha mavuno. Kwa wasichana wa umri wenu uvimbe mara nyingi si kansere, lakini sherti uonekane.

Kwa yule aliyefuta ubao: si hivyo tu. Mama wadogo na wakubwa wawili ni sababu ya kumwambia munganga mapema, na mama yako ajue pia, maana yeye ndiye aliye karibu zaidi na hatari kuliko wewe.

Ijumaa darasa la tano tutachora mti wa ukoo. Kila mtu alete majina ya shangazi zake pia. Magonjwa ya watu msiyaandike ubaoni. Mwenye swali abaki nyuma.

Mwalimu wa Biolojia