Utabibu wa Vijijini: Somo la Savar

Mara nyingi twasikia kuwa matabibu wameingia kijiji fulani cha mbali, wakatibu watu siku mbili tatu, kisha wakarudi makwao. Jambo hilo ni jema, na mwenye kulifanya kwa ikhlasi ana ujira wake. Lakini yatupasa kuuliza: tabibu akishaondoka, na mtoto akaugua usiku wa pili, ni nani wa kumtazama?

Jawabu moja lilipatikana Bangladesh. Mwaka 1971, vita vya kujikomboa na utawala wa Pakistan vilipozuka, Zafrullah Chowdhury alikuwa Uingereza akisomea upasuaji. Aliyaacha masomo, na yeye na mwenziwe, Daktari M. A. Mobin, wakenda Tripura, upande wa India, wakaanzisha hospitali ya mianzi iliyofika vitanda 480, kwa ajili ya majeruhi na wakimbizi. Wauguzi hawakutosha. Basi wakawatwaa wanawake ambao hawakupata kusoma utabibu hata siku moja, wakawafundisha kufunga majeraha na kutunza wagonjwa, na kazi ikafanyika.

Mwaka 1972, vita vilipokwisha, kazi ile ilihamia Savar, karibu na mji wa Dhaka, ikaitwa Gonoshasthaya Kendra, yaani Kituo cha Afya ya Watu. Chowdhury hakuridhika kungojea wagonjwa wamjie. Alichagua vijana, wengi wao wasichana, wakafunzwa kuchanja watoto, kuwaangalia waja wazito, kutibu maradhi ya kuharisha, na kumtambua mgonjwa asiyefaa kucheleweshwa nyumbani. Wakapewa baiskeli wazunguke nyumba kwa nyumba.

Hapo maneno yakaanza. Msichana wa Kiislamu juu ya baiskeli! Halikuwa jambo dogo katika mashamba ya Bengal, wala sidhani lingekuwa dogo kwetu. Lakini na tufikiri kwa insafu. Mwanamke mwenye mimba huona haya kumweleza tabibu mwanamume maradhi yake, na pengine mumewe haridhii. Amweleze nani, basi? Anayemzuia binti yake asisome kwa jina la sitara ndiye huyo huyo anayemlazimisha mkewe ama atazamwe na mwanamume wa kando, ama asitazamwe kabisa. Sitara gani hii?

Wanakijiji nao hawakufanywa ombaomba. Kila nyumba ilitoa mchango kwa kadiri ya uwezo wake, na fukara alitoa kidogo kuliko wote, ili apate kutibiwa kwa haki wala si kwa kuhurumiwa.

Kisha kituo kikajenga kiwanda chake cha dawa za bei nafuu, na mwaka 1982 Chowdhury alikuwa miongoni mwa walioitengeneza sheria ya dawa ya Bangladesh, iliyopiga marufuku dawa zaidi ya 1,700 zisizo na faida au zenye madhara. Makampuni makubwa yalighadhibika sana. Chowdhury alifariki mwezi wa Aprili 2023, katika hospitali ya kituo hicho mjini Dhaka, akiuguzwa na watu wake.